Mkono Usioalikwa

Hakuwa na mtoto ambaye watu wangemwita kwa jina lake, basi wakamwita kwa birika. Mama Birika. Jina alilipata mwaka wa kwanza tu alipoanza kazi katika mgahawa wa mdogo wake wa kiume, na kufikia mwaka wa kumi na sita hata huyo mdogo wake, akiwa na haraka, lilikuwa likimponyoka mbele ya wateja. Hapo hapo alijirekebisha: "Dada. Nilitaka kusema dada."

Mgahawa ulikuwa mwishoni mwa mtaa wa maseremala. Meza nane, madirisha mawili yasiyo na vioo, na vumbi la mbao lililoingia hata mlango ukifungwa. Saa sita na nusu mchana misumeno ilinyamaza mmoja baada ya mwingine, na kabla wa mwisho haujanyamaza, wateja wa kwanza walikuwa wameshavuta viti. Ndipo Mama Birika alipotoka jikoni, birika la alumini mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Alipita meza kwa meza. Mteja alinyoosha mkono juu ya beseni, naye akamimina uzi mwembamba wa maji ya vuguvugu, si wa kurukia watu suruali wala wa kumfanya mtu asubiri. Mteja alizungusha kipande cha sabuni kiganjani, akasugua vidole, akasuuzwa, akajifuta kwenye ncha ya taulo. Imekwisha. Meza inayofuata.

Kazi ya kunawisha watu huonekana nyepesi kwa asiyeifanya. Yeye aliijua kwa hesabu. Birika moja lilitosha watu kumi na mmoja akimimina yeye. Wakijimiminia wenyewe liliishia kwa mtu wa tano. Maji yalitoka kwenye bomba la mtaani, hatua mia mbili na arobaini kwa ndoo ya kichwani, kwa hiyo kila birika alilijua kwa shingo yake. Ya beseni hayakumwagwa ovyo: yalikwenda chooni au yalinyunyizwa uani kulaza vumbi. Sabuni zilizolika zikawa nyembamba kama ukucha alizikusanya kwenye kopo, akazichemsha, zikawa sabuni nyingine. Hakufanya hivyo kwa ajili ya kutunza mazingira. Maneno hayo aliyasikia redioni akadhani ni ya watu wa misitu. Aliona tu kwamba kutupa kitu kinachofaa ni utovu wa adabu, sawa na kumkatiza mtu anayezungumza.

Wifi yake, ambaye ndiye mpishi na mke wa mwenye mgahawa, hakumpa nafasi ya kujisikia.

"Wifi, unawanawisha hawa kama wakwe zako. Utawaharibu."

"Waache waharibike. Kwa mchuzi wako wanahitaji kufarijiwa kwanza."

Basi jikoni wakacheka, na sahani za bati zikaendelea kujaa.

Kisha maradhi yakaja. Yalianza kama habari ya mbali, yakawa habari ya mji wa jirani, na siku moja yakawa amri: migahawa yote ifungwe. Mtaa ukanyamaza. Maseremala walifanyia kazi majumbani mwao, wengine hawakufanya kabisa. Mama Birika alikaa chumbani kwake wiki sita, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, akapanga upya makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

Ruhusa ya kufungua ilipokuja, ilikuja na barua ya ofisi ya afya yenye masharti manne. Wateja wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, wakijisugua sekunde ishirini, au watumie dawa ya kutakasa mikono. Taulo moja lisitumiwe na watu wawili. Meza zitengane. Wahudumu na wateja wavae barakoa. Mdogo wake aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Neno lililomtisha ni "yanayotiririka". Kwake yeye hilo lilikuwa bomba, na bomba hakuwa nalo. Akaenda mjini akarudi na katoni za dawa ya mikono, sahani nyeupe za kutupa, uma za plastiki na karatasi za kujifutia. Hakufanya kwa ubaya. Aliogopa. Aliogopa ugonjwa, na zaidi aliogopa kufungiwa mara ya pili, maana mgahawa ukifungwa tena usingefunguka.

Lililobaki ni kumwambia dada yake. Siku mbili alimkwepa. Siku ya tatu alimtuma mkewe, na mkewe akamjibu, sufuria mkononi: "Mwenye dada akaseme mwenyewe. Mimi yule ni wifi yangu, nikimfukuza nitamtania nani?"

Akaenda mwenyewe. Alisimama mlangoni pa chumba cha dada yake, akasifu mapazia.

"Sema," Mama Birika akamwambia. "Mapazia umeyaona miaka tisa."

"Dada, mambo yamebadilika. Hii barua... Wateja watajitakasa wenyewe mlangoni, kuna chupa. Sasa nimeona upumzike kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Mdogo wake akarudi kutazama mapazia. Wote wawili walijua kwamba mtu wa miaka hamsini na miwili akiambiwa apumzike kidogo, hakuna atakayekuja kumwamsha. Angelishwa, hilo hakulitilia shaka. Mdogo wake si mtu wa kumwacha na njaa. Lakini angekuwa mtu wa kuletewa chakula kwa sahani iliyofunikwa, baada ya miaka kumi na sita ya kuwa mtu ambaye hakuna tonge lililoliwa mtaa mzima kabla yeye hajapita.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Siku nne za mwanzo hazikuwa nzuri kwa mwenye mgahawa. Maseremala walijipaka dawa kama wanavyopaka mafuta ya nazi, wakaingiza mikono kwenye wali ikiwa bado imelowa. Mzee Randa, aliyeitwa hivyo kwa sababu alipiga randa mbao kuliko mtu yeyote mtaani na hakuwahi kununua randa mpya, alitema tonge la kwanza.

"Bwana mkubwa, hiki chakula au marashi? Nikifika nyumbani mke wangu ataniuliza nilikuwa na nani."

Wakapewa uma. Lakini kiganja kilichoshika nyundo miaka thelathini hakijui kuukamata uma wa plastiki kwa upole. Zilikatika kama njiti. Sahani nyeupe nazo, zikishalambwa, zilikuwa nyepesi kuliko maranda. Upepo ulizibeba hadi karakana za jirani, zikarudi na malalamiko. Siku ya nne ikanyesha. Mvua ya saa moja tu, lakini mtaro uliokuwa umezibwa na sahani uligoma, na maji yakaingia mgahawani kupitia mlango wa mbele kama mteja.

Wifi akapiga simu. "Wifi, uko wapi? Njoo umwone mdogo wako anavyoogelea."

Mama Birika alikuja na fagio. Njiani alicheka peke yake mara mbili. Walichota maji, wakavuta sahani mtaroni kwa reki moja moja, wakazijaza magunia matano. Mdogo wake aliyatazama yale magunia.

"Siku nne," akasema. "Na Alhamisi bwana afya anakuja kukagua."

"Leo Jumatatu," dada yake akasema. "Nipe mlango."

"Dada, bomba hatuna."

"Sijaomba bomba. Nimeomba mlango na meza moja. Bwana afya akikataa, nitakwenda kupumzika na birika utanipa nikachemshie chai."

Mdogo mtu alihamisha mguu huu na huu, viatu vikitoa maji. "Bwana afya akikubali, unarudi. Akikataa, dada, usinilaumu na tusilizungumze tena."

"Tusilizungumze tena."

Siku mbili alizitumia vizuri. Alichukua mashuka mawili makuukuu, akayakata vipande vya shibiri moja na nusu, akavipinda kingo kwa cherehani ya jirani. Vikawa vitambaa sitini na vinne: kimoja kwa mtu mmoja, safi ndani ya kapu, vilivyotumika ndani ya ndoo yenye kifuniko, jioni vyote kwenye maji yanayochemka. Aliyeyusha kopo zima la sabuni, akaifanya ya maji, akaitia kwenye chupa tupu za dawa ili asitupe chupa. Sahani za bati zikarudi kabatini baada ya kuchemshwa. Tatizo likawa maji. Barua ilitaka mtu ajisugue kwa sekunde ishirini. Ukimimina sekunde ishirini mfululizo, birika linaishia kwa mtu wa pili. Akamsimamisha wifi uani.

"Nyoosha. Nalowesha, naacha. Chukua sabuni, sugua, mimi nahesabu."

"Wifi, mkono utachubuka."

"Kumi na tatu. Utachubuka ukiendelea kusema, maana naanza upya."

Lowesha, acha, sugua, suuza. Akampima wifi mara sita, akaandika kwa makaa ukutani: watu kumi na mmoja kwa birika, kama zamani. Akalala usingizi mzuri.

Alhamisi bwana afya alifika kabla misumeno haijanyamaza. Alikuwa mtu mwembamba, barakoa mpaka chini ya macho, daftari kwapani. Mwenye mgahawa alimletea kiti, akakataa, akajibanza kando ya mlango. Mama Birika alikuwa nyuma ya meza yake, hatua moja na nusu kutoka kwa mteja, mkono ameunyoosha ili birika limfikie mtu bila yeye kumfikia.

Maseremala wakapanga foleni. Bwana afya akaona awape neno.

"Ndugu zangu, osheni mikono vizuri."

"Sisi tunanawa, bwana afya," Mzee Randa akamjibu kutoka katikati ya foleni. "Wanaooshwa ni masufuria na maiti."

"Basi naweni, mzee, msije mkaoshwa."

Foleni yote ikaangua kicheko, na mwenye mgahawa akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kazi ikaanza. Lowesha, acha, sugua, suuza, kitambaa. Hakuna tone lililokwenda chini. Bwana afya alisogea, akachungulia birika, akachungulia beseni.

"Barua inasema maji yanayotiririka," mwenye mgahawa akajihami, "sasa sisi bomba—"

"Yanatoka juu, yanakwenda chini, hayarudi," bwana afya akasema. "Yanatiririka."

Mama Birika alilisikia hilo, na uzi wa maji mkononi mwake haukutikisika, lakini moyoni alishapanga kesho. Wa tano akapita, wa sita, wa saba akawa Mzee Randa mwenyewe. Alinyoosha mkono, akanawishwa, akapokea kitambaa, akaanza kwenda zake.

"Samahani, mzee," bwana afya akamsimamisha. Alionyesha kwa kalamu mkono wa kushoto uliokuwa umejificha nyuma ya kiuno. "Na huu?"

Mzee Randa aliutazama kana kwamba ameletewa mkono wa mtu mwingine.

"Huo? Huo haukualikwa, bwana."

Watu wakacheka tena. Bwana afya hakucheka. Na Mama Birika, aliyekuwa amefungua kinywa acheke, akakifunga.

Alitazama ndani. Wateja sita walikuwa wameshaketi, wakingoja chakula, mikono ya kulia imelala juu ya meza safi kabisa, imetulia, kila mmoja akiutunza wake usiguse kitu kabla ya tonge. Na ya kushoto ndiyo iliyokuwa kazini. Mmoja aliteremsha barakoa nayo. Mmoja alijikuna pua. Mmoja alisogeza simu, akajifuta mdomo kwa kiganja kile kile. Miaka kumi na sita amesimama juu ya watu hawa na birika, na hakuna hata siku moja ilipompitia akilini kwamba ananawisha nusu. Si yeye, si wao. Mama yake alimnawisha hivyo, na yeye akaja kuwanawisha wengine hivyo: mkono unaokula ndio unaonawa. Hata wifi alipompima uani, mara sita, alimpima mkono mmoja. Ile hesabu ya ukutani ilikuwa sahihi kabisa, ya nusu ya watu.

Bwana afya alikuwa akiandika. Mdogo wake alikuwa akiangalia sakafu.

Angeweza kusema kwamba hivyo ndivyo ilivyo kila mahali. Ilikuwa kweli. Angeweza kusema barua haikueleza. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Bwana afya," akasema, "subiri usiandike. Umeona sawasawa. Nimekosea, na nimekosea kwa muda mrefu." Kisha akageukia meza na kupandisha sauti ambayo wateja hawakuwahi kuisikia. "Nyote mlioketi, rudini hapa!"

"Mama Birika, mkono umeshanawa!"

"Uje na ndugu yake."

Wakarudi wakinung'unika, viti vikikwaruza. Safari hii alianza na Mzee Randa, na Mzee Randa hakutaka. Mkono alioutoa mwishowe ulikuwa mweusi wa vanishi hadi kifundoni, gundi imekauka kati ya vidole kama magamba.

"Mungu wangu," wifi akasema kutoka dirisha la jikoni. "Huo umefukuliwa wapi?"

"Huu ndio unaoshika mbao, shemeji! Wa kulia unapiga tu randa, unasifiwa bure!"

Alitaka kuunawa huo mmoja tu kama alivyozoea, vidole vikikwangua kiganja, na vanishi haikutoka. Mama Birika akaona birika linapungua. Wateja ishirini na watatu walikuwa foleni na maji ya akiba yalikuwa ndoo moja. Akisuuza wa kulia, kisha wa kushoto, kila mtu angetumia maji ya watu wawili na wa mwisho wangekula bila kunawa, mbele ya bwana afya.

"Ikutanishe," akamwambia. "Yote miwili. Mmoja umsugue mwenzake. Nyuma ya kiganja pia. Kati ya vidole. Usinyooshe, ikumbatie."

Mzee Randa akakumbatanisha mikono. Maji yaliyotoka wa juu yakafanya kazi tena kwa wa chini kabla ya kufika besenini. Akahesabu mpaka ishirini kwa sauti, na foleni ikahesabu naye kwa dhihaka. Walipofika kumi na tano walikuwa wakiimba. Maji ya beseni yakawa rangi ya chai ya rangi. Bwana afya akainama akayatazama, akamtazama Mzee Randa, akayatazama tena.

"Mzee, chakula cha jana ulikula na haya?"

"Na cha juzi," Mzee Randa akasema kwa unyonge.

Yeye peke yake alimaliza karibu robo ya birika, hilo halikuzuilika. Lakini wengine hawakuwa na vanishi kiasi hicho. Mama Birika aliwahesabu akilini alipokuwa akimimina: birika la pili, watu wanane. Birika la tatu, wanane tena, na la nne likawamaliza waliobaki. Alitarajia watano na nusu. Wa mwisho aliponawa, ndoo ilikuwa na maji ya kikombe kimoja. Yeye mwenyewe akajimiminia hayo, mikono yote miwili, taratibu, maana alijua anatazamwa na pia maana hakuwahi.

Bwana afya alifunga daftari. Alimwambia mwenye mgahawa kwamba mpango unafaa: vitambaa vichemshwe kila siku, chupa za dawa zibaki mlangoni kwa anayepita bila kula, na mikono iwe miwili. "Nitarudi bila kuaga," akasema. "Nikikuta mmoja, nafunga." Kisha akasita, akavua kofia, akanyoosha mikono yake juu ya beseni, kwa sababu harufu ya mchuzi ilikuwa imemfikia naye tangu asubuhi hajala. Akaambiwa asubiri ndoo.

Chakula kililiwa kwa kelele siku hiyo kuliko siku zote tangu mgahawa ufunguliwe upya, kila mtu akidai kukagua mkono wa kushoto wa mwenzake. Wifi alitoka jikoni kuona, mwiko mkononi.

"Na wewe, wifi," Mama Birika akamwambia. "Mwiko unaushika kwa upi?"

Wifi akautazama ule mwiko, akauhamisha mkono, akarudi jikoni bila jibu. Lilikuwa jambo la nadra, na Mama Birika alilifurahia mpaka saa tisa.

Saa tisa vitambaa vilikuwa kwenye sufuria kubwa uani, vikipanda na kushuka katika povu. Alikuwa amefuta hesabu ya ukutani kwa kiwiko na kuandika nane mahali pa kumi na moja. Ndoo za ziada za kesho hazikumkera. Shingo ilikuwa yake na alijua zinakwenda wapi. Mdogo wake alikuja akasimama karibu, akasifu vitambaa.

"Sema," akamwambia.

"Nilikuwa nauliza tu. Kesho tukijaa kama leo, tutahitaji mabirika mangapi? Nimpange mtu akusaidie kuchota asubuhi."

Mama Birika alikoroga sufuria kwa mti, akahesabu kimya, midomo ikichezacheza.

"Manne," akasema. Akafikiri kidogo zaidi. "Andika matano. Mzee Randa yuko kwenye kazi ya milango, na milango inapakwa vanishi pande zote."